Kibao Kinasema Mbwa Mkali

Kwa Fundi Seremala, Mwajiri Wangu Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini kidole ulichokigonga kwa nyundo kinaendelea vyema. Ni mimi Tishio, mbwa wako wa getini, ambaye juzi mteja aliniita brashi ya viatu. Maji yamenifika shingoni, na shingo yangu unajua haiko mbali na ardhi.

Kwanza, kibao. Tangu ukipigilie getini, kila mpita njia anasoma "Mbwa Mkali", anavuka barabara. Sina hata wa kunikuna sikio. Akitokea jasiri akachungulia, ndiyo balaa: anacheka mpaka anashika ukuta. Fundi, kibao chenyewe kinanizidi urefu!

Pili, nabweka mpaka sauti inakauka ili nifanane na tangazo lako, lakini chakula napewa cha saizi yangu, si cha kibao. Hii haki kweli?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma: paka wa jirani yako, mshona magodoro. Hajui kusoma huyo. Angejua, angeingiaje? Kaja bila hodi, kajikunja kwenye maranda ninayolalia, kaniambia, "Sogea huko, mdogo wangu." Mdogo wangu! Mimi! Nikambwekea, akapiga miayo. Sasa haondoki. Mvua ikinyesha ananilalia mgongoni, eti ananikinga. Ukoo wangu ukisikia, uso nitauweka wapi?

Nne, jana nimekusikia ukimwambia mama kwamba mbwa anayelala na paka hafai, utatafuta jibwa la maana. Basi naomba, kabla hujanifukuza mimi, mfukuze paka. Ikishindikana, nirefushe.

Nisalimie mama, watoto, na yule kuku asiye na adabu.

Mlinzi wako mtiifu,
Tishio

Nyongeza: Barua hii nilimpa paka akuletee, nikijua hajui kusoma. Amerudi nayo mdomoni. Kaisoma yote! Kasema hapo kwenye tatu nimekosea: kibao alikisoma siku ile ile ya kwanza, kisha akachungulia kwenye tundu la geti, akaniona natetemeka peke yangu, ndipo akaingia. Na bado amekubali kukuletea, kwa sababu nimemtuma. Fundi, nimeona haya jamani. Futa yote niliyoandika. Lete hilo jibwa, geti nitaliachia. Mimi na dada yangu paka tuachie maranda tu.