Folda za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika. Shemeji, kaka yake mke wangu, ameileta mwenyewe, ameiweka kwenye meza ya pembeni pale sebuleni na kuunganisha nyaya zote. Nilisimama karibu yake nimeshika tochi. Hakuna aliyeihitaji tochi.

Mke wangu ni muuguzi. Anaandika ripoti ya wodi yake, na ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kama atapandishwa kuwa mkuu wa wauguzi. Mwisho wa kuituma ni Ijumaa saa sita mchana. Mimi niko likizo wiki nzima. Shemeji akaniuliza, mbele ya mke wangu, kama kompyuta naijua. Nikamjibu kwamba tunafahamiana vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kazini. Nimeiwasha. Nimepoteza dakika ishirini kabla ya kugundua kwamba kipanya nimekishika nyuma mbele.

Kwenye kioo kuna folda tatu ambazo mimi sikuziweka. Mfumo. Viendeshi. Nakala. Nimekuwa mtunza ghala kwa miaka kumi na tisa, na kitu kisicho na hati hakilali kwenye rafu yangu. Hii ni mizigo ya shemeji. Mtu huanza kwa kuacha folda. Kesho ataacha viatu, keshokutwa atauliza chumba cha wageni kiko wapi.

Nikabofya futa. Kompyuta ikaandika: huna ruhusa, wasiliana na msimamizi. Msimamizi wa nyumba hii ni mimi. Nikajiruhusu, nikabofya tena. Jibu lile lile.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kuzibadilisha jina ziitwe Takataka, labda zitajisikia vibaya. Zimekataa. Nikaziburuta mpaka kwenye pipa la taka, moja moja, kwa upole. Zikarudi mahali pake kama paka aliyefukuzwa jikoni.

Mke wangu amerudi, ameandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Kisha akaniomba nisiguse chochote mpaka Ijumaa ipite. Nimemwelewa. Alimaanisha ripoti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata nywila ya msimamizi. Iko kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Nikafungua orodha ya watumiaji ili nimjue huyo msimamizi. Ni mke wangu. Chini yake nipo mimi, na mbele ya jina langu shemeji ameandika: Mgeni.

Miaka kumi na saba ya ndoa, mgeni.

Nikaingia kwa jina la mke wangu. Viendeshi ikafutika palepale, nikapiga meza kwa furaha. Nikaifuata Mfumo. Ikafika nusu, ikagoma, ikasema inatumika. Inatumika na nani, na nyumba nzima niko peke yangu? Nikachomoa waya ukutani.

Nilipourudisha, kioo kilikuwa cheusi. Juu kabisa mstari mmoja mweupe ulisema kuna kitu hakionekani. Hapo ndipo nilipoikumbuka ripoti. Nikakaa sakafuni.

Mke wangu aliporudi, nilikuwa nimeifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza. Nikamwambia inapumzika, joto limezidi. Akakifunua. Akabonyeza mara mbili, mara tatu. Sikuwahi kumwona akikaa kwenye kiti taratibu namna ile.

“Ripoti yangu iko wapi?”

Nikasema imo humo humo, haijatoka nje. Alichukua simu akampigia kaka yake, na alipokuwa akiongea sauti ilimkatika. Ningefokewa ningejitetea. Hili sikuwa na la kulifanya.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amefika saa moja asubuhi, kabla hata ya chai. Ameeleza, akimtazama dada yake tu, kwamba Mfumo ndiyo akili ya kompyuta, na Viendeshi ndivyo vinavyoifanya itambue viungo vyake. Nikasema basi angeziandika hivyo. Hakuna aliyecheka.

Alihangaika nayo kwa saa mbili na nusu. Nakala, ile folda ya tatu, ilikuwa nzima. Aliitengeneza yeye, iwe inahifadhi ripoti ya dada yake kila baada ya saa moja. Ripoti ilikuwemo yote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Mke wangu akauandika upya, akatuma saa tano na dakika arobaini. Kisha akamkumbatia kaka yake.

Baadaye, tukiwa wawili, alinigeukia.

“Baba watoto, na kama ungeanza na ile ya tatu?”

Nikamwambia ile niliiacha makusudi. Akaenda kulala mchana kweupe. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ameniita uani. Kompyuta yake imekuwa nzito, na amesikia kwetu wiki nzima tulikuwa na matengenezo. Je, namfahamu mtu anayeweza kuitazama?

Nimemwambia ana bahati, yuko naye hapo hapo.

Ana folda kumi na nne asizojua zimetoka wapi, na picha za wajukuu zake tangu wazaliwe. Ameniuliza kwa adabu kama haingefaa kuzitolea nakala kwanza. Nimemweleza kwamba nakala ni za watu wasiojiamini. Akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Nimeanza na folda kubwa kuliko zote.