Nimeagwa, Sijaondoka

Jumamosi, 3 Mei

Nimeagwa! Jumuiya nzima ilijaa uani kwetu. Sala, pilau, hotuba. Mama Oliva, mwenyekiti, amenivisha kitenge mabegani na kutangaza kwamba Ifakara inapeleka mwalimu wa Kiingereza Vietnam. Vigelegele! Mzee Adolf, aliyekuwa akisema binti yake Noela haolewi na mwalimu wa chekechea, amenishika mkono na kusema nitume mshenga wakati wowote. Hata kwaya nimemkabidhi Dionisi. Ameipokea haraka mno, yule.

Kimebaki kitu kidogo tu. Usaili wa kazi ni Alhamisi.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda misani kama kawaida. Kosa! Shingo zote zimegeuka. Mama Oliva ameuliza kama ndege imeharibika. Nimesema naondoka kesho. Nyumbani Mama amenisema hadi uji ukapoa: mtu aliyeagwa haonekani mitaani, watu wataona wamesali bure. Mimi nilidhani kuagwa ni sherehe. Kumbe ni amri ya kuhama.

Jumatatu, 5 Mei

Wamenisindikiza stendi! Kwaya nzima, wakiimba. Dionisi amenipakilia begi kwa mikono yake, akasubiri hadi basi likapotea. Nimeshuka Kiberege, nikarudi kwa bodaboda, kofia ya koti hadi puani, mpaka shambani kwa Mama, Michenga. Ughaibuni kwangu ni dungu la kulindia mpunga: nguzo nne, paa la nyasi, ngazi iliyokosa kidato.

Jumatano, 7 Mei

Mama hana huruma. Mpunga unaiva, kwelea wamejaa, na amesema hata walioko Vietnam wanafanya kazi. Siku nzima natupa udongo kwa kombeo na kupiga debe. Ndege mmoja amenitazama kabisa, akaendelea kula.

Noela ameomba picha ya huko. Nimeupiga picha mpunga wa Mama, nikatuma. Si Vietnam nako kuna mpunga? Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Amejibu kwamba baba yake ameisifu sana. Yeye kesho anakwenda kumsaidia shangazi yake kuamia ndege. Maskini. Nimemwombea.

Alhamisi, 8 Mei

Aibu. Mtandao unashika juu ya dungu tu, kwa hiyo usaili nimefanyia huko. Juu shati jeupe na tai, chini bukta. Mwalimu mkuu wa kule, mama mpole, ameniuliza nitatulizaje darasa lenye kelele. Nimeanza kueleza vizuri. Kwelea wakashuka, kundi zima! Mama akalalamika kutoka chini kwamba mpunga unakwisha. Ningefanyaje? Nimepiga debe na kupayuka kwa besi yangu yote. Sasa, desturi ya mashambani ni kwamba dungu moja likipiga kelele, la jirani linaitikia, ndege wasihamie kwake. La pili likaitikia. La tatu likaitikia. La nne likanyamaza, kisha sauti ya binti ikauliza kama huyo ni mimi, Amedeus.

Shangazi wa Noela analima Michenga! Miaka yote hii hakuna aliyenieleza!

Mama wa Vietnam amesema watanijulisha. Noela amekuja hadi chini ya dungu. Ameitazama tai, ameitazama bukta. Amesema hatamwambia mtu. Jumapili niseme mwenyewe mbele ya baba yake, la sivyo nisahau habari za mshenga. Alikuwa analia. Nami nimelia kidogo, ndege wakala.

Ijumaa, 9 Mei

Vietnam wamejibu. Wanahitaji mtu mtulivu. Waje wao wakae na kwelea!

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kusema ukweli. Nimeufanyia mazoezi njia nzima. Baada ya misa Mama Oliva kaniona, akapiga kigelegele: mtoto amerudi! Wakanizunguka. Mzee Adolf akauliza nimeonaje huko. Noela akanitazama, macho yananiambia sema. Nikafungua kinywa. Nikakisikia kinasema mwili umeikataa baridi ya Vietnam, na kwamba kwelea wa kule ni wakubwa kama kanga. Watu wakanipa pole. Noela akaondoka na wanakwaya, Dionisi kambebea kitabu cha nyimbo. Imeniuma. Imeniuma kweli.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jioni Dionisi kaja mwenyewe kunieleza kwamba amesikia Poland wanatafuta walimu wa Kiingereza. Kijana ana moyo mzuri, nilimdhania vibaya. Tayari ameshazungumza na Mama Oliva, na jumuiya itaniaga Jumamosi. Noela akisikia Poland atarudi tu. Maombi ya kazi nitaandika nikishaagwa.

Michenga sirudi, nimejifunza. Safari hii nitajificha kijijini Mbingu, kwa mjomba. Nimeulizia mapema kabisa: Noela hana shangazi Mbingu.