Bunduki ya Shoto ya Bonde la Waipuke

Asubuhi ya Jumatatu yenye mvua, kama zilivyo Jumatatu nyingi za pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, Ofisi ya Kanda ya Udhibiti wa Kulungu iliutangazia umma kwamba enzi mpya imewadia. Kuanzia siku hiyo, hakuna mwindaji wa serikali mwenye shoto atakayesahauliwa tena. Kamati ya kumchagulia bunduki ilikuwa imeundwa.

Mwenye shoto alikuwa mmoja tu, Ngaire Pohatu, aliyelelewa na wajomba zake katika misitu ya Waipuke na kuajiriwa kupunguza kulungu waliokuwa wakitafuna miche yote ya mlimani. Kamati nayo ilikuwa na wajumbe wengi, wote wa mkono wa kulia, ili kuepuka upendeleo.

Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Selwyn Haddrell. Alikuwa mtu wa tai zilizonyooka na sentensi ndefu, na moyoni alikuwa na jambo lake. Alikuwa amesikia kwamba huko Wellington, mji mkuu, kuna kiti kitupu wizarani, chumba chenye zulia na dirisha linalotazama bandari. Bunduki hii ndiyo ingempeleka huko.

Kikao cha kwanza kilijadili maana ya kushoto.

"Kushoto kwa nani?" aliuliza mjumbe mmoja, na wote wakaliandika swali kwa heshima. "Kwa mwindaji, au kwa kulungu anayemwangalia?"

Suala hilo liliundiwa kamati ndogo.

Hatimaye Ngaire aliitwa kutoa maoni ya mdau. Aliingia na matope hadi magotini, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Hii mliyonipa ni ya mkono wa kulia, bosi," alimwambia Haddrell. "Mkono wa chuma wa kufungulia chemba ya risasi uko upande ule. Nikishapiga risasi moja, lazima niiachie bunduki nizungushe mkono juu yake. Ganda la risasi, la moto, linanipita puani. Vuli iliyopita nilikuwa ukingoni mwa genge, nikaachia, nikateleza. Mti ndio ulionidaka, siyo ofisi."

"Tumesikitika," alisema Haddrell, naye alisikitika kweli, kwa kadiri ya ratiba.

"Basi nipeni ya shoto, na iwe nyepesi. Kitako cha plastiki, mvua isikipinde. Mtutu mfupi, usinaswe na matawi."

"Nyepesi inapiga teke begani, Bi. Pohatu. Wataalamu wametufahamisha."

"Inapiga, ndiyo. Lakini teke nalipata siku nikimwona kulungu. Uzito naubeba kutwa."

Wajumbe walimshukuru sana, wakamsindikiza mlangoni, kisha wakaanza kazi.

Bunduki mbili za shoto zililetwa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya plastiki nyeusi, haina makuu. Ya pili ilikuwa na kitako cha mti wa jozi kilichong'arishwa hadi mtu akajiona meno, mtutu mnene, na darubini kama ya kutafutia nyota. Ili kupima uzito kisayansi, kamati iliilaza ile ya pili juu ya meza ya mikutano kutwa nzima. Hakuna mjumbe aliyelalamika kuchoka. Meza pia haikulalamika. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba bunduki ile si nzito, ila ina hadhi, na itapendeza pichani.

Siku ya makabidhiano, Mheshimiwa Waziri Philippa Gorringe alishuka kwa helikopta mbele ya kibanda cha wawindaji, juu kabisa bondeni. Haddrell alishuka nyuma yake akiipakata bunduki kama mtoto wa ubatizo. Rubani akaondoka, akiahidi kuwarudia baada ya hotuba.

Ngaire aliitazama zawadi yake.

"Hii ni bunduki au kabati?"

"Ni uamuzi wa kamati," Haddrell alimnong'oneza. "Tabasamu."

Waziri akafungua hotuba. Alikuwa ndiyo kwanza anagusia umuhimu wa mkono wa kushoto katika historia ya taifa, wingu likashuka mlimani, likafunika kibanda, likafunika na karatasi aliyokuwa akiisoma. Redio ikakoroma. Rubani alisema pole sana, haruki leo, na kesho ana shaka.

"Kesho asubuhi nina kura bungeni!" alisema Waziri. "Serikali inashinda kwa kiti kimoja, na kiti chenyewe ni mimi!"

"Basi tushuke kwa miguu, mama," alisema Ngaire, akifunga mkoba. "Mto ukifurika hatuvuki tena."

Haddrell alimnyooshea bunduki. Ngaire hakuipokea.

"Ya zamani mmeshaichukua, na hii sijakabidhiwa. Mheshimiwa alikuwa bado yuko kwenye utangulizi."

"Basi tuiache kibandani."

"Sheria ya silaha, bosi. Bunduki haiachwi peke yake. Si ndiyo hiyo mnayotukumbusha kila mwaka?"

Waziri alithibitisha kwamba sheria ni sheria. Alikuwa ameipigia kura.

Kwa hiyo Mkurugenzi aliibeba. Mwanzoni aliining'iniza begani kwa madaha. Walipofika kwenye mizizi aliibeba kifuani, na kwenye vijiti vya miba aliibeba kichwani. Kitako cha jozi kilinasa kila tawi. Viatu vyake vya ofisini vilifumuka kidole kimoja baada ya kingine. Wakivuka mto aliteleza, akazama hadi kidevuni, na kilichobaki juu ya maji kikawa uso wake na mali ya serikali. Ngaire alimvuta kwa ukosi.

"Bunduki imelowa?" aliuliza Waziri kutoka ng'ambo.

"Haikulowa, Mheshimiwa," alisema Haddrell, akitema maji.

Mara walipomfikia, mbele yao, dume la kulungu likatoka msituni, likasimama ukingoni, pembe zake pana kama kiti cha enzi.

"Piga!" Waziri alinong'ona.

Ngaire akampa Haddrell risasi. Haddrell, aliyewahi kulenga makopo ujanani, aliweka bunduki kwenye bega la kulia. Akapapasa kutafuta mkono wa kufungulia. Haupo. Akapapasa tena, akageuza bunduki, akaachia mkono mmoja, mtutu ukazama matopeni. Kulungu alimtazama kwa subira, akang'ata jani, akaondoka zake taratibu.

"Mtu anawezaje kufanya kazi na kitu hiki?" Haddrell alilia, karibu machozi. "Kila kitu kiko upande usio wake!"

Ngaire alimwangalia bila kucheka.

"Mimi nimeweza, bosi. Miaka yote. Tena kwenye magenge."

Haddrell akaifuta bunduki matope kwa tai. Sentensi ndefu zilikuwa zimemwishia. Walitembea hadi barabarani, ambako gari la wizara na waandishi wa habari walikuwa wakingoja chini ya miavuli.

Waziri, suruali imechanika na soksi moja imebaki mtoni, alisimama mbele ya kamera kama aliyepanga yote.

"Ndugu wananchi, utafiti wa nyanjani niliousimamia binafsi umethibitisha, pasipo shaka yoyote, kwamba bunduki nzito ni nzito. Bi. Pohatu atapewa ile nyepesi kesho."

"Na Mkurugenzi, Mheshimiwa?" mwandishi mmoja aliuliza. "Tunasikia anahamia Wellington."

Waziri alimtazama Haddrell, aliyekuwa amekaa kwenye lami akikamua tai.

"Bwana Haddrell ameonyesha uwezo mkubwa wa kubeba. Kwa msimu huu wote atakuwa mbebaji wa Bi. Pohatu. Mizigo, hema na nyama." Akaingia garini, akawahi kura yake.

Ngaire alimpa Mkurugenzi mkono akamwinua.

"Haya, bosi. Alfajiri tunapanda tena. Tafuta viatu."