Watu Sitini Waliogeuzwa Ukungu

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kwa Mjomba, Mpiga Picha,

YAH: KUTOKEZA KULIKO NILIVYOOMBA

Shikamoo, Mjomba. Naahidi kusema yote, hata yale yatakayoniumbua mwenyewe. Mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kwamba malalamiko yasiyo na namba ni manung'uniko, kwa hiyo nimeyapa namba.

Kwanza nakushukuru kwa picha ya siku niliyopewa zawadi ya insha. Nakumbuka ulivyonishusha jukwaani ukanisimamisha kwenye njia katikati ya viti, ukumbi wote ukiwa nyuma yangu. Ulinieleza kwamba mle ndani mna vitu vingi mno, lakini mtu akisogea mbali na vilivyo nyuma yake, na lenzi ikifunguliwa sana, yeye hubaki wazi na vingine vyote huyeyuka. Ulisema kweli. Vimeyeyuka. Sasa malalamiko:

1. Mwalimu mkuu, aliyetufuata nyuma, alinunua tai mpya kwa ajili ya siku ile. Kwenye picha tai hiyo ni doa la chai, na yeye ni kitu kama pazia lenye miwani. Ameniita ofisini mara mbili niende na picha, na mara zote mbili ameuliza, kwa upole, yeye yuko wapi.

2. Aliyeshika nafasi ya pili, tunayemwita Kasuku, alikuwa nyuma ya bega langu la kushoto. Sasa anatangaza kwamba hakuwa wa pili, na kwamba yule wa kwenye picha si yeye, na hakuna awezaye kumbishia kwa sababu yule wa kwenye picha hana pua. Mjomba, wa kwanza asiye na wa pili ni mtu aliyesimama tu.

3. Uwazi wote uliopaswa kugawiwa watu sitini umenimwagikia mimi. Chunusi zangu zinahesabika, na dada amezihesabu. Soksi ya kulia imeshuka. Kwenye kola kuna wino niliokuwa nimeufunika kwa chaki, na chaki nayo inaonekana.

4. Picha imetundikwa sebuleni, na tangu hapo nyumba haikaliki. Shangazi anasema mtoto aliyetokeza aoshe vyombo peke yake ili aendelee kuonekana. Kaka akitumwa dukani anasimama nyuma yangu na kusema, "Mimi ni ukungu, mtumeni aliyetokeza." Nami ndiye ninayekwenda. Asiyelalamika ni mama peke yake. Kila akirudi kutoka kazini, kule wanakofua mashuka ya hospitali, hupangusa kioo cha picha kwa ncha ya koti lake la kijani na kusema ni nzuri, ingawa haifikii alivyoniona kwa macho yake siku ile, akiwa mlangoni.

5. Kwa sababu hizo naomba ukumbi ujazwe upya. Watu wote sitini warudi na nguo zilezile, wasimame palepale, pamoja na fundi aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza feni, na mtoto mchanga aliyelia, ambaye itabidi tumuwahi kwa sababu anakua. Kisha upige picha ambayo kila mmoja anaonekana sawasawa na mwenzake, na mimi nisimame popote patakapobaki. Sioni ugumu wowote. Orodha nimekwisha kuiandaa. Kwa kioo cha kukuzia cha babu nimewatambua wote sitini, wengine kwa kipara, wengine kwa jinsi wanavyochoka kwenye kiti. Isipokuwa nikihesabu madoa napata sitini na moja. Limezidi moja, la kijani, karibu na mlango.

Naomba ombi langu lisiwekwe chini ya mengine. Msalimie mkeo, watoto wote, na yule jirani yenu anayekuja studio kila mwezi kutazama kama amebadilika.

Ni mimi, niliye wazi kuliko wote,
Mpwa wako.

Tanbihi: Shangazi anasema mama hakutoka kazini siku ile. Anasema msimamizi wao hamruhusu kutoka hata anayeumwa, na kwamba mama ana moyo mzuri tu. Mama nimekwisha kumwambia kwamba namwamini, kwa hiyo siwezi kumuuliza tena. Jina langu lilipotajwa nilitazama viatu vyangu, na ulipopiga picha mlango ulikuwa mgongoni kwangu. Wewe ulikuwa umeuelekea. Kama lile doa ni yeye, futa namba moja hadi tano; picha haina kosa lolote, na chunusi nitazivumilia. Kama siye, zifute vilevile, na nakuomba usije ukaiondolea picha hiyo ukungu maisha yako yote. Nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka, na uniandikie kama mpiga picha, usiniandikie kama mjomba: yule wa kijani mlangoni ni mama?