Rangi Itatoka Vilevile

Jumatatu, 3 Machi

Fundi cherehani kaja asubuhi. Amehamia chumba kikubwa zaidi, anafungua Jumamosi, anataka bango jipya. Rangi damu ya mzee, kama bango lake la kwanza, lililopauka. Kanipa kipande cha kitambaa, ukubwa wa kiganja. Kasema bango lile alitengenezewa na marehemu mke wangu, na hajawahi kujuta.

Nikamwambia itatoka vilevile.

Shemeji akakohoa. Shemeji ni mdogo wa marehemu, anashika kaunta. Haumwi kifua. Hukohoa nikisema jambo.

Kweli, mke wangu hakuwahi kusema "vilevile". Alisema "inakaribia". Alichapa vipande vitatu, akamshika mteja kiwiko, akamtoa mlangoni juani. Akafumba jicho moja. Mteja akachagua, akatia sahihi nyuma ya kipande. Nusu saa nzima! Nilimpenda sana, ila alichelewesha kazi.

Huyu fundi hatakiwi kuponyoka. Msusi, muuza sare, mwenye duka la viatu, wote wa safu ile humfuata yeye. Wote walikuwa wateja wa mke wangu. Akivuka barabara kwenda kwa Miwani, mchapa mabango mwenzangu, wanavuka naye, na mimi nabaki na mashine. Miwani alikuwa mlangoni kwake wakati fundi anaingia kwangu. Anafuta vioo. Vioo vyenyewe visafi.

Nimenunua balbu ya manjano, nimeifunga juu ya kaunta. Chini yake kila chekundu ni damu ya mzee. Hata nyanya za Shemeji.

Jumanne, 4 Machi

Nimechapa. Rangi nimeikisia kwenye kompyuta, kwa jicho. Mashine ilikuwa inayumba, nikasukuma vizuri daftari chini ya mguu wake. Ni daftari nene la mke wangu, la kazi. Naona angefurahi kuwa bado linasaidia.

Fundi kaja, kaangalia chini ya balbu, karidhika. Halafu akataka kulitazama nje. Nikamwambia wino ni mbichi, jua litauunguza. Shemeji akasema wino umekauka tangu saa tatu. Nikamtuma gundi.

Jumatano, 5 Machi

Bango limepanda. Jua limetoka. Sikulipenda jua la leo.

Fundi kapiga simu. Kasema aliomba damu ya mzee, kapewa maini. Kasema kuna mtu kaingia kuulizia nusu kilo.

Nikamtuliza. Nikamweleza kitaalamu kwamba rangi haijatulia, inahitaji siku mbili kuzoea hewa. Akauliza mbona la kwanza halikuhitaji kuzoea kitu. Nikasema hewa imebadilika.

Jioni Miwani akaja kunisalimia. Hajawahi kunisalimia tangu matanga. Akasema, "Jirani, nasikia umeingia kwenye biashara ya nyama. Hongera."

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kama rangi imekataa kufuata kitambaa, kitambaa kifuate rangi. Kitambaa si ninacho mimi?

Nimekiloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo, kifuniko kimoja. Nikakianika kwenye bati. Nikasahau, maana nilianza kupanga makabati, nikakuta kanga ya mke wangu ambayo ilikuwa bado na pini yake pembeni. Nikakaa nayo kidogo.

Niliporudi kitambaa kilikuwa kimepita maini. Kimefika ufizi.

Sikukata tamaa. Nimechapa bango la pili, rangi ya ufizi. Limelingana na kitambaa barabara. Miaka yote ya kazi sijapata kulinganisha rangi namna hii. Nikamwonyesha Shemeji. Alikohoa mpaka akaomba maji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda ngazi mwenyewe, nikafunga bango kwa fundi. Safu nzima ilitoka kutazama: msusi na kitana mkononi, muuza sare, mwenye viatu. Miwani naye kavuka, eti anatafuta chenji.

Nikasema watazame kwa macho yao. Nikakibandika kitambaa juu ya bango. Hakuna tofauti hata chembe. Msusi akakubali kwamba kweli vinafanana.

Fundi akafungua mkoba. Akatoa nusu ya pili ya kitambaa kile kile. Damu ya mzee, haijaguswa. Akaishika kando ya ile yangu.

Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikauliza nani kamfundisha kubakiza nusu. Akasema, "Marehemu mkeo. Aliniambia, dada, ukimpelekea mtu rangi, nusu baki nayo."

Nikamuuliza ajilinde na nani. Aliniangalia tu. Kisha akasema ananipa mpaka kesho saa nne. Saa nne na dakika moja anavuka barabara, na safu yote nyuma yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika nikamkuta Shemeji kainua mguu wa mashine kwa jeki ya gari la jirani, kachomoa daftari. Ukurasa ulikuwepo. Kipande cha damu ya mzee, sahihi ya fundi nyuma, na vipimo vyote vya wino kwa mwandiko wa mke wangu, ule unaolala kushoto. Wiki nzima jibu lilikuwa limebeba mashine.

Shemeji kachapa vipande vitatu, kaenda navyo kwa fundi. Kamshika kiwiko, kamtoa juani. Wakachagua, sahihi ikatiwa. Saa nne kasorobo bango lilikuwa juu, na Miwani karudi kwake kufuta vioo.

Fundi kasema dukani kwetu atabaki, ila kuanzia leo anaongea na Shemeji. Nilikubali. Nilikuwa nasoma ukurasa. Chini kabisa mke wangu aliandika: "Mteja aambiwe inakaribia. Mume wangu asiachwe aseme vilevile."

Nikalia kidogo nyuma ya mashine. Alikuwa ananiwaza hata kazini.

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema. Mwenye duka la dawa kaja, anataka bango la kijani. Kaleta kifuniko cha chupa kuwa mfano.

Shemeji alikuwa ametoka kununua chai. Nikamwambia mteja itatoka vilevile.

Sijasahau yaliyonipata. Mtu mzima hujirekebisha. Nimemuuliza kama nyumbani ana kifuniko kingine cha namna hiyo. Anacho. Nimemwambia akilete nacho, nivitunze vyote viwili.

Mashine ilikuwa inayumba. Daftari nimelirudisha mahali pake.