Nilivyotengeneza Wingu kwa Mapipa ya Mbege

Jumanne, 3 Februari 1976
Leo nimekuwa mtaalamu! Dhirendra, yule kijana wa Moshi mjini anayepima hewa mlimani, kapita kuomba maji. Shikamoo yake nzuri. Nikamuuliza wingu linaanzia wapi. Kasema kila tone la wingu linataka chembe ya kushikilia, ndogo kuliko unga. Nikasema vumbi, nalijua. Kasema nyingine si vumbi, zinazaliwa huko huko juu. Mawingu marefu yanapandisha harufu za misitu, mvua inaosha vumbi, harufu zinabaki kwenye baridi kali, jua linazipiga, zinagandana. Zikishuka zimenenepa, ndiyo mbegu za mawingu mengine. Nikamwambia hayo nayajua tangu sijaota ndevu.
Harufu! Kumbe ni hiyo tu.

Jumatano, 4 Februari
Kahawa inanyauka. Mfongo, mfereji wetu wa ukoo, umebaki uzi wa maji. Zamu yangu ya maji ni Jumapili. Nikamtangazia shemeji Ndelilio kwamba mimi natengeneza wingu langu. Alicheka mpaka akashika mgomba. Akasema mvua isiponyesha shambani kwangu hadi Jumamosi jioni, zamu yangu anachukua yeye. Nimekubali mbele ya watu! Mke wangu Odilia kauliza kama kahawa ni yangu peke yangu. Dada mtu yule, anamtetea kaka yake.

Alhamisi, 5 Februari
Msitu uko mbali. Lakini Mwika hii kuna harufu gani inapanda kuliko mbege, pombe yetu ya ndizi? Ndizi Odilia alishazichemsha wiki iliyopita. Nikachanganya na uji wa ulezi wote uliokuwamo ndani. Mapipa mawili, wazi, yanatazama mbinguni.

Ijumaa, 6 Februari
Harufu imepanda kweli. Imepanda mpaka kwa majirani. Wamekuja na kata zao, kila mmoja anasema amekuja kusaidia utaalamu. Nikapiga kelele kwamba wanakunywa wingu! Ndelilio peke yake kanywa wingu kata nne.

Jumamosi, 7 Februari
Adhuhuri, wingu! Jeupe, nene, juu ya kilele cha Mawenzi. Nimeruka kama mbuzi. Likaenda zake Rombo. Hata tone.
Jioni Dhirendra kashuka. Kasema chembe zinachukua siku nyingi, upepo unazipeleka mbali, pengine hata Kongo, na harufu ya mapipa yangu haikufika hata nusu ya mlima. Mimi nimesikia la Kongo tu. Watu wa Kongo, kunyweni!
Odilia kachukua ndoo, kaenda kumwagilia miche. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumapili, 8 Februari
Nimeamka, shamba limelowa mpaka mche wa mwisho! Odilia kasema ni Ndelilio, kafungua mfongo alfajiri kwa zamu aliyoshinda, kaelekeza maji kwetu. Eti kahawa haikubishana na mtu.
Nikaenda kumshukuru. Nikakuta watu wamejaa uani. Ikabidi nimwambie naona ameogopa wingu langu. Akacheka tena, akauliza kama shemeji yake bado anataka kubishana.
Mapipa manne, nikasema. Na safari hii zamu zangu zote mpaka Pasaka.
Tumeshikana mikono. Odilia sijamwambia.