Lenzi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Julai 1976. Runyenjes.

Nimevunja lenzi. Siandiki zaidi.

Baadaye. Naandika zaidi. Kamera ilinianguka kwenye sementi pale kiwanda cha kahawa, nikipiga picha ya kamati. Mwili wa kamera ni mzima. Lenzi imepasuka kama yai. Na Jumamosi Chifu Njoka anaozesha binti yake Phyllis, na mpiga picha ni mimi Kithaka, mwenye studio pekee ya maana katika mji huu. (Ile ya Riungu siihesabu.) Chifu ana askari wawili na rungu moja, na hilo rungu hulibeba mwenyewe.

Kusema ukweli? Hapana! Riungu ataichukua kazi kabla sijamaliza kusema.

Wazo: katika sanduku la mke wangu Wambeti kuna kamera ya kukunja ya marehemu baba yake, aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma. Lenzi yake nzuri, imelala bure miaka yote. Naitoa, naivalisha kamera yangu. Nani atajua?

Jumanne, 6 Julai

Wambeti alienda kuchuma chai. Nikafungua sanduku. Skrubu nne tu, lakini nilisimama mara tatu kusikiliza kama mlango unalia. Kamera ya marehemu imebaki na tundu katikati. Nimeirudisha chini ya blanketi, uso chini. Sikuweza kuiangalia.

Munyi, fundi wa baiskeli, amenikatia ringi kwenye bomba la maji, ya kushikanisha lenzi na shingo ya kamera. Nilimwambia kipimo kisizidi wala kisipungue hata unene wa ukucha. Akauliza ukucha wa nani. Nikamwonyesha wangu. Akaangalia wake, akaendelea kukwangua kwa tupa.

Jumatano, 7 Julai

Jaribio. Aibu tupu.

Kamera yangu si ile ya kuchungulia kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kilicho juu yake, unaona vipicha viwili vya mtu mmoja, unazungusha lenzi mpaka vikutane. Vikikutana, umbali ni sawa. Kidirisha huonyesha vizuri hata ukiifunga lenzi kwa gunia. Na lenzi ya mkwe ina kifuniko chake cha ndani, kwa hivyo nilipiga filamu nzima kikiwa kimefungwa. Picha thelathini na sita. Zote safi kama maji.

Sasa nimekibana kwa njiti ya kiberiti kisifunge tena. Shida nyingine: lenzi hii haigusi kichuma kidogo ndani ya kamera ambacho husogeza vile vipicha viwili, kwa hivyo havisogei. Havitakutana milele. Nitaiweka lenzi kwa umbali mmoja, nipime kwa hatua. Hatua tano kwa kila mtu, awe chifu au mpishi.

Filamu zilizobaki ni mbili, na ni za harusi. Siwezi kujaribu tena.

Alhamisi, 8 Julai

Riungu alipita. Akauliza kamera yangu imeota pua lini. Nikamwambia ni muundo mpya wa Ujerumani. Akasema Jumamosi atakuja harusini kama mgeni tu, ajifunze. Alitabasamu. Sijawahi kuona meno mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Jumamosi, 10 Julai

Imekwisha. Niko hai.

Ukungu na manyunyu tangu asubuhi. Mwanga hafifu, nikafungua lenzi mpaka mwisho. Kila picha nilitembea hatua tano kutoka kwa maharusi, nikihesabu kwa sauti. Chifu akauliza kama nimekuja kupiga picha au kupima shamba. Watu wakacheka. Riungu alicheka mpaka akaketi.

Kisha Chifu akanishika bega, akasema polepole: "Kithaka, hizi picha zitakaa ukutani hata nikiwa kaburini." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 11 Julai

Mungu wangu.

Nimeosha filamu, nimechapa. Phyllis ni uji. Bwana harusi ni uji, tena nusu, kwa sababu lenzi hii inaona eneo dogo kuliko kidirisha. Chifu ni uji wenye kofia. Ringi ni nyembamba! Ukucha wa Munyi! Lenzi imeona mbali kuliko nilivyoiambia.

Lakini nyuma yao, kwenye migomba, kila jani unaweza kulihesabu. Na hapo kwenye kigoda kuna mwanamke mzee anayecheka, mdomo wazi, jino moja. Yumo katika picha kumi na moja. Unaona hata uzi wa shuka lake.

Wambeti akaja, akaangalia, akashika mdomo. Akasema huyo ni Cucu (yaani bibi) Ciakuthii, mamake Chifu. Hajakubali kamera tangu wakati wa Hali ya Hatari, wazungu walipompiga picha na kibao cha namba kifuani. Mwaka jana alimkimbiza Riungu kwa panga mpaka mtoni.

Kwa hivyo makosa ni mawili. Nimewafuta walionialika, na nimemwiba aliyekataa.

Halafu Wambeti akauliza lenzi inayoona mbali hivi nimeitoa wapi. Nikasema Ujerumani. Akaingia chumbani. Nikasikia sanduku likifunguka. Akatoka, akapika. Chakula kilikuwa kitamu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatatu, 12 Julai

Mpango: kuhamia Kiritiri kwa binamu yangu, nichunge mbuzi, nifuge ndevu. Nilikuwa nimefunga nguo mbili ndani ya shuka wakati askari wa Chifu alipobisha mbele. Nikatokea nyuma. Nyuma alisimama Wambeti.

"Baba Kawira," akaniambia, "wewe hukimbii na lenzi ya baba. Chukua picha. Twende."

Kwa Chifu kulikuwa na wazee, chai, na Riungu. Chifu akaangalia picha ya kwanza. Akauliza huyu ni nani. Nikasema bibi harusi. Ya pili? Nikasema, mzee, huyo ni wewe. Akaweka kikombe chini. Akachukua rungu. Phyllis akaanza kulia.

Kelele zikamtoa Cucu jikoni. Akaokota picha mezani. Nikasogea karibu na mlango.

Akaiangalia muda mrefu. Akauliza kwa Kiembu huyu mzee ni nani, mbona anafanana na mama aliyemzaa yeye. Chifu akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe, mama."

Cucu akaketi. Akasema miaka yote hii, akifikiria sura yake, anaona ile ya namba tu, aliyoiona mara moja juu ya meza ya afisa. Hakujua kwamba anacheka hivi. Akapitisha kidole juu ya lile jino.

Chifu akageukia ukuta. Alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu, na rungu lilikuwa chini.

Sikupigwa! Lakini Jumamosi ijayo maharusi watavaa tena, na atakayewapiga picha ni Riungu. Wambeti aliifungua lenzi kwenye kamera yangu mbele ya watu wote, kwa kisu cha mkate, akaifunga kwenye leso. Chifu akaniambia niende nikatafakari.

Cucu naye akasema yuko tayari kwa picha nyingine, ameketi vizuri, na mpiga picha awe mimi. Mimi peke yangu!

Jumatano, 14 Julai

Nimetafakari siku mbili. Nimegundua kwamba sikukosea. Nilimlenga Cucu tangu mwanzo, na sasa namwambia hivyo kila anayeuliza. Wambeti akinisikia hutoka nje.

Sasa nahitaji lenzi. Katika ukumbi wa kanisa kuna mashine ya sinema ambayo Padre huonyeshea filamu za watakatifu. Lenzi yake ni kubwa kama kikombe, ya shaba, inang'aa. Katekista anasema haitaguswa tena mpaka Krismasi. Munyi yuko tayari na bomba nene zaidi.

Padre ana sauti kubwa, na hasira yake inajulikana mpaka Meru. Lakini dirisha la ukumbi halifungiki, watu wote wako sokoni, na nitaikopa siku tatu tu.

Bisibisi iko mfukoni. Natoka.